Kilio ya mutu tusiyemujua

Bandugu zangu, Mungu asifiwe. Mimi hapana mutu wa maneno mingi, donc munivumilie.

Wakati wa vita nilikuwa nauza vitenge hapa Kimemi, mu Butembo. Moyo wangu ulikuwa mugonjwa. Ilianza utotoni na koo ya kuuma. Haikutibiwa vizuri, ugonjwa ikashuka mpaka ku moyo. Nikafika pa kushindwa kupanda kilima cha soko. Batu bakasema ni woga ya masasi ya bunduki. Lakini hata siku ya utulivu nilikuwa nahema.

Kaka yangu, mwenye kununua bidhaa Afrika ya Kusini, akanipeleka kule. Munganga akasema mulango mumoja wa moyo umeharibika, lazima kubadilisha. Kuko mulango wa chuma, lakini na ule unameza dawa ya kulegeza damu maisha yote, na damu inapimwa kila mara. Nikamuuliza: "Docta, barabara ya Beni kuja kwetu ikifungwa na vita, hata chumvi tunakosa. Iyo dawa itapitia wapi?" Akasema kuko mulango ingine, ya mutu mwenye kufa, inachungwa mu baridi kali, nayo haiombe iyo dawa. Jamaa yake ilikubali kuitoa. Jina lake, hapana kuambiwa.

Nawaambia, pale niliogopa kuliko kisu ya kupasuliwa. Kwetu vitu vya marehemu havigawanywe kama kilio, ni kusema matanga, haijaisha. Sasa mimi nitabeba yake mu kifua? Nikakataa.

Kaka akapiga simu Butembo, ku telefoni ya satelite ya muchuuzi mumoja. Bakaita mama, nikamuelezea yote. Akauliza: "Balishamulilia uyo mutu?"

Nikasema: "Mama, sijue."

"Basi kubali, mwanangu. Sisi tutamulilia."

Akawasha moto mu kiwanja, akatandika mikeka. Majirani bakaleta kuni na maharagi. Mumoja akauliza: "Nani alikufa?" Mama akajibu: "Mutu wa kwetu. Jina sijue." Mu ule wakati wa vita, batu bengi balizikwa bila jina, hakuna aliyeshangaa. Bakaimba mpaka kilio ikaisha. Ndipo nikapasuliwa. Mimi sikulia, nilikuwa na kazi ya kupumua.

Leo niko na batoto. Aksanti kwa kaka, kwa banganga. Aksanti kwenu bamama mulioleta maharagi. Bengine muko hapa, na mulimulilia vizuri, hata bila kujua alinipa nini. Ile jamaa ya marehemu ilikuwa mbele ya maiti yao, bakawaza mugonjwa basiyemujua. Kwa hiyo bandugu, mutu akikusaidia bila kukujua, na wewe umulilie bila kumujua.