Kiko cha Syokau

Zima hiyo redio, Erastus, na umwambie dada yako aache vyombo aje akae, maana kifua kimenipa nafasi asubuhi hii na sijui kama kitanipa nyingine. Ndanu, keti hapo miguuni nikuone. Abukar, ndugu yangu, wewe kaa kwa kile kiti cha mikono. Umekikalia miaka thelathini ukiniletea habari za mbuzi, na leo utakikalia uwe shahidi, hawa wasije wakasema mzee alikuwa anaweweseka. Siweweseki. Najua mwaka huu ni elfu mbili na nne, najua mahindi yamekauka Mwala yote, na najua Pauline, mke wako Erastus, amesimama nje pale jikoni akijifanya anachochea moto. Mwacheni hapo kwanza. Nitamfikia.

Mambo ya shamba ni mafupi. Upande wa juu, kutoka barabarani mpaka kwenye mti wa mpaka, ni wako Erastus. Upande wa chini unaopakana na lile bwawa la mchanga ni wa Ndanu, na usinikunjie uso, najua ameolewa, lakini ni yeye aliyebeba mawe ya kujengea lile bwawa wakati wewe ulikuwa unatafuta kazi ya ofisini. Patasi zangu, misumeno na lile jiwe la kunolea mpelekeeni mwalimu wa useremala hapo Masii, wanafunzi wake wanachonga kwa visu vya jikoni na nikiwaona naumwa na meno. Mbuzi watakaochinjwa siku yangu atawachagua Abukar, na asibishane naye mtu ambaye hajui hata kumtazama mbuzi ufizi.

Sasa nipe hilo sanduku dogo, Ndanu. Polepole. Humu mna viko vitatu, na ninyi mmezoea kucheka, mnasema baba anatunza viko kuliko alivyotutunza sisi. Chekeni tu. Lakini mimi nimechonga viko miaka arobaini, vimeuzwa mpaka kwa watu ambao sitawahi kuwaona, na hapa mwishoni naona hakuna kitu kingine ninachokijua vizuri cha kuwaachia.

Hiki cheupe ni cha jiwe lile jepesi lililokuwa likichimbwa kule Amboseli. Chukua wewe, Erastus. Jiwe hili halina kinyongo, ukivutia tumbako yoyote leo, kesho limesahau, ukishalipangusa basi. Hiki cha gunzi la mahindi ndicho nilichokuwa nikivutia mbaki, tumbako yetu ya kutwanga, ile kali inayowatoa wageni machozi. Hiki ni cha Ndanu, na usinune, gunzi lina kazi yake, linafyonza unyevu kuliko mbao na halichomi ulimi. Ila siwapi mvivute. Daktari wa Machakos ameniwekea picha ya kifua changu dirishani akanionyesha, na niliyoyaona humo sitaki kuyaona kwa mtoto wangu. Nimewapa mvitunze.

Na hiki cha tatu. Kishike Ndanu, nione kwa mwanga. Hiki ni mzeituni wa porini, shina la chini kabisa linaloingia mzizini, nililing'oa mwenyewe katika milima ya Iveti nikaliacha likauke kivulini miaka miwili kabla ya kuligusa na patasi. Kiko kizuri unakijua kabla hujakiwasha. Chukua unyoya wa kuku uupitishe kwenye mdomo wake, pale unapovutia: unyoya ukitokea chini kabisa kwenye sakafu ya bakuli la tumbako, nunua, ukitokea juu ya sakafu, rudisha, maana maji yatatuama chini na kiko kitakoroma kama mgonjwa, kama mimi hapa. Tazama kuta zake ziwe nene. Kataa kilichopakwa rangi ya kung'aa, hiyo rangi inaziba mbao zisipumue na mara nyingi inaficha ufa. Na kama unataka kuvuta tumbako ya kunukia, ile iliyolowekwa kwa asali na matunda, hayo yote uyaangalie mara mbili, kwa sababu tumbako ile ina maji, inazimika ovyo, unaiwasha tena na tena, na kiko cha ukuta mwembamba kitakuunguza vidole.

Tumbako hiyo ililetwa na huyu Abukar, ambaye mwenyewe hajavuta hata siku moja maishani. Alikuwa amepeleka mbuzi Nairobi akaniletea mkebe kutoka duka fulani huko Eastleigh, akaniambia nijaribu, labda nitaacha kunuka kama boma linaloungua. Wakati huo mama yenu alikuwa amenifukuza nyumbani, nasema kweli, hakunifukuza kabisa lakini kila nikitaka kuvuta mbaki alinielekeza zizini kwa mbuzi, mvua inyeshe isinyeshe. Miaka kumi nilivutia zizini. Basi siku hiyo niliianika ile tumbako kidogo kwenye sahani, nikaijaza humu bila kuishindilia, nikawasha nikiwa kulekule kwa mbuzi. Kidogo nikamwona mama yenu, Syokau, anatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikajua leo nimepatikana. Akasimama, akanusa, akaniuliza nimechoma nini, nikamwambia ni tumbako, akasema naongopa. Kisha akatazama pembeni kama mtu anayeona haya, akaniambia, "Sogeza kiti chako karibu na mlango."

Tangu siku hiyo mpaka anakufa, kila jioni mama yenu alikaa na mimi nikivuta. Wanangu, nilimwoa mwanamke huyo nikiwa na miaka ishirini na mbili, lakini nilianza kuzungumza naye nikiwa na miaka arobaini na tano. Alikuwa anachambua maharagwe, mimi navuta taratibu, maana ukivuta kwa pupa tumbako tamu inauma ulimi, na ule upole wa kiko ukatufundisha sote wawili kusema polepole. Alinihadithia mambo ya utoto wake ambayo sikuwahi kuyauliza. Mkebe ukiisha Abukar alileta mwingine, na aliyeutunza ni yeye mama yenu, aliuweka ndani ya sanduku lake la nguo, katikati ya leso, akisema mimi nitaumaliza kwa siku tatu. Kwa hiyo hata kanisani akipita karibu yangu nilisikia harufu ile. Namtamani mpaka leo. Msiangalie chini, mzee pia anatamani.

Sharti lake lilikuwa moja. Alikishika kiko hiki hivi, akaniambia, "Siku utakayotia mbaki humu, urudi kwa mbuzi." Na alikuwa na haki, kwa sababu mbao hazisahau kama jiwe. Mbao zinakunywa kila unachozipa. Tumbako ya kunukia inataka kiko chake peke yake, na baada ya kuvuta ukipumzishe siku nzima, upitishe unyoya mdomoni kingali na vuguvugu, lakini usikivunje shingo kukichomoa mdomo kabla hakijapoa, kitapasuka. Ule mkaa unaojijenga ndani uache unene wa shilingi, ukizidi ukwangue kwa upande butu wa kisu. Na usikioshe kwa sabuni. Sabuni ikiingia kwenye mbao haitoki tena.

Sasa naomba maji. Hapo panatosha.

Mnakumbuka mvua ile kubwa ya tisini na saba, tulipomzika mama yenu kwenye matope mpaka jeneza likawa linateleza mikononi mwa watu. Tuliporudi kutoka kaburini nyumba ilijaa, sikuwa na pahali pa kukaa. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Kiko changu cha gunzi sikujua kimewekwa wapi na watu wanaohamisha viti. Mkebe ulikuwa kwenye sanduku la mama yenu na sikuweza, Mungu wangu, sikuweza kulifungua sanduku lile. Mfukoni nilikuwa na kiko hiki na kifurushi cha mbaki nilichopewa na mtu wa rambirambi. Nilikijaza. Nilikishindilia kwa kidole gumba kama mtu anayeziba shimo la panya, nikavuta mpaka kikaungua. Na nilipoinua macho nikamwona Pauline. Alikuwa amechuchumaa palepale kwenye beseni anaosha vikombe, ameniona mwanzo mpaka mwisho. Macho yetu yalikutana. Akayashusha.

Siku ya tatu, Ndanu, ulikichukua kiko hiki ukakinusa, ukalia, ukauliza mbele ya watu wote ni nani amekiharibu kiko cha mama. Na mimi baba yenu, mzee wa kanisa, niliyeshindwa kusema nimevunja neno la marehemu kabla udongo wake haujakauka, nikasema ni Pauline. Nikasema amekiosha kwa sabuni alipokuwa akisafisha nyumba. Mlikubali wote, kwa sababu ni kweli alikuwa amesafisha nyumba nzima. Ndanu, wewe ulimtolea maneno ambayo hata mimi yalinichoma, na nikanyamaza.

Pauline hakujitetea. Angesemaje? Mnajua nthoni yetu sisi Wakamba, ile haya na heshima iliyoko kati ya mke wa mwana na baba mkwe: hanitazami usoni, haingii chumba ninacholala, na hata nikisema jua ni jeusi hanijibu. Na mimi nilijua hivyo. Nilimchagua yeye kwa sababu alikuwa ameniona, na kwa sababu alikuwa mtu pekee katika nyumba hii asiyeweza kunikana. Nimechonga mambo mengi mabaya nikiwa fundi mchanga, lakini hilo ndilo baya kupita yote.

Mkahamia huko Syokimau, Erastus, na miaka saba umekuja hapa Krismasi peke yako, ukisema mkeo ana kazi, na mimi nikijibu mwambie pole. Sijala chakula cha mkono wake miaka saba. Kiko nacho hakikurudi. Nilikijaza chumvi, nikaidondoshea spiriti, nikaiacha mpaka kesho yake, ikatoka rangi ya kahawa. Nilifanya hivyo mara nne. Mbaki ilipungua, lakini harufu ya mama yenu ilitoka nayo. Abukar akatafuta tumbako ileile kila mahali, akaambiwa haiji tena. Basi jioni nilikaa pale mlangoni na kiko kitupu mdomoni, nanusa mbao tu.

Erastus, nenda umwite mkeo. Najua ni chumba cha kulala. Nasema aingie. Nthoni ni yangu kuishika na leo ni yangu kuiweka chini. Mwambie baba ndiye anayeita, si wewe.

...

Karibu, mwaitu, mama yangu. Usipige magoti, simama hapo, nitazame usoni. Nitazame tu, hakuna atakayekulaumu. Mbele ya mume wako, mbele ya Ndanu na mbele ya Abukar ambaye hawezi kusema uongo hata akiuza mbuzi mgonjwa, nasema mimi Wathome nilikusingizia. Hukukigusa kiko hiki. Nilikiharibu mimi kwa mkono wangu, na wewe uliniona, ukanificha. Nisamehe.

Mnasikia anavyosema? Inua sauti kidogo, mwaitu, masikio yamejaa maji.

"Nilikuwa nangoja uniite, baba."

Miaka saba. Ndanu, acha kulia huko pembeni, simama umshike mkono, maneno uliyoyasema uliyasema hadharani, basi yaondoe hadharani. Vizuri. Na hicho ulichokumbatia, Pauline, ni nini? Erastus alikwambia baba anaona baridi? Ah, basi nifunike, mtoto wangu, nifunike tu.

Ngoja. Ngojeni wote. Leso hii ni ya nani?

Ni ya Syokau.

Kumbe mlipogawana vitu vyake wewe ndiye uliyepewa lile sanduku la nguo, kama mke wa mwana wa kwanza. Na hukulifungua. Unasema hukulifungua mpaka juzi, ulipoambiwa baba anakwenda, kwa sababu hukutaka kushika vya mtu wa nyumba uliyofukuzwa. Na mkebe umo ndani yake mpaka leo, umefungwa. Abukar, njoo unuse. Njoo, ndugu yangu, ile ya Eastleigh. Miaka saba nimekaa pale mlangoni nikimtafuta mama yenu, na alikuwa Syokimau, kwa yule niliyemfungia mlango mimi mwenyewe.

Iacheni hapo usoni. Msiiondoe.

Sikilizeni sasa, pumzi inaisha. Kiko hiki ni cha Pauline. Mtu asikiwashe. Kifunge ndani ya leso hii pamoja na mkebe, mwaitu, ukiweke sandukuni, usikifungue kila siku. Mbao zinakunywa kile zinachopewa, zitakunywa tena, polepole. Siku mtakapoanua tanga, Pauline ndiye apike, na mle wote, na Ndanu amtengee wa kwanza. Mimi mnizike kushoto kwa mama yenu, upande ule wa mlangoni.

Nipeni maji kinywani... niwatemee baraka, mate yangu yamekauka. Leteni mikono. Wako, Ndanu. Erastus. Na wako, mwaitu, wako ndio wa kwanza. Msikilizane. Semeni polepole. Mungu awape jioni ndefu za kukaa na watu wenu.

Sasa nendeni... mkanywe chai. La, wewe usirudi jikoni, Pauline. Hapa.

Sogeza kiti chako karibu.