Waliomlilia Mbuke Kwenye Filamu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tuna kumbukumbu, na nawaambia mapema, sina sauti ya asali. Nimekereka. Tunamkumbuka Mbuke Maduhu, Mama Vumilia, wa kijiji kimoja nje kidogo ya Masumbwe. Alifariki Ijumaa iliyopita, nyumbani kwake. Mbuke Maduhu. Wengi mnamjua kwa sura. Ni yule bibi mwenye macho mekundu kwenye filamu ya Moshi wa Samadi.

Macho yale hayakupakwa rangi. Tangu alipoolewa na marehemu mzee Mayala, Mbuke ndiye aliyekuwa mpishi wa misiba pale kijijini. Kikundi chao cha kufa na kuzikana kilimkabidhi jiko. Kuni zikiisha anachochea samadi kavu, moshi unampiga usoni, yeye anasonga ugali wa watu. Ukifiwa, Mbuke ameshafika na mwiko wake hata kabla hujafuta machozi. Alikuwa na ombi moja tu. Bintiye Vumilia, anayeuza chakula machimboni Nyarugusu, analikumbuka: "Mama alisema, 'Sitaki makuu. Majirani zangu wanilie, wanizike kando ya baba yako. Basi.'"

Akaja Sameer. Huyu ni kijana wa duka la vitambaa Shinyanga mjini, aliyeacha kupima vitenge akashika kamera. Filamu zake zote ni za watu waliosukumwa pembeni. Safari hii alitaka kuonyesha bibi anayeitwa mchawi kwa sababu ya macho yake, akatengwa mpaka akafa. Alipomwona Mbuke, akamwomba aigize. Mbuke alicheka, akakubali. "Wabeja, mwanangu," alimshukuru kwa Kisukuma. "Ila ukiniua, unizike vizuri."

Majirani ndio walioigiza waombolezaji. Mbele yao alikuwa Eufrasia, jirani wa mlango kwa mlango. Mbuke akalazwa chini ya shuka, kilio kikaanguliwa, na maiti akapiga chafya. Eufrasia alicheka mpaka akakaa chini. "Maiti wetu kapata mafua," alisema. Ilipofika zamu ya kufukia kaburi, mtu aliye hai hafukiwi, kwa hiyo wakaviringisha mgomba kwenye shuka. Mgomba huo Eufrasia aliukata mwenyewe shambani kwake. Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Aliukata mwenyewe.

Filamu ikaonyeshwa kwenye kibanda umiza cha Charles pale senta, watu wakalia mpaka kamasi. Siku ya mnada wakamkuta Mbuke anachagua dagaa. Mnajua inavyosemwa huku kwetu: mtu akichukuliwa msukule, yaani akifichwa na wachawi wamtumikishe, kinachozikwa ni mgomba. Na kaburini kwa Mbuke kulikuwa na nini? Mgomba. Waliouzika ndio walioanza kunong'ona.

Mjukuu wa Eufrasia akashikwa na homa, na mnong'ono ukawa kauli. Msiba uliofuata, Mbuke alikwenda na mwiko wake kama kawaida. Eufrasia akamzuia jikoni. "Mama Vumilia, huo mwiko rudi nao. Chakula cha mkono huo hatuli." Mwenyekiti wa kikundi, mzee Theonest, akamalizia: "Kikundi hakiziki mtu mara mbili. Wewe tulishakuzika."

Mbuke alimtazama. Aliupikia msiba wa mke wa mzee huyu mpaka macho yakavimba. Asante ya punda ni mateke. "Basi nionyesheni kaburi langu," alisema, "nikalipalilie." Akachukua mwiko wake, akarudi nyumbani.

Sameer alipopata habari alikuja mbio na kipande alichokuwa amekitoa kwenye filamu, kile cha chafya. Akakionyesha pale pale kibandani. Watu wakajiona wanavyocheka. Eufrasia akajisikia anavyosema maiti kapata mafua. Wakacheka upya. Kisha wakatoka wakisema hata msukule hupiga chafya. Hapo ndipo mimi ninapokereka. Asiyejua unamwelimisha. Hawa walijua. Walijua wote, na hakuna aliyefungua mdomo.

Akaishi hivyo. Hakuna aliyemwazima hata kaa la moto. Watoto walikatazwa kumpa shikamoo. Vumilia alimsihi ahamie Nyarugusu, akakataa. "Nikiondoka nitakuwa nimewakubalia," alisema. "Siku yangu ikifika watakuja. Msiba haukatai mtu." Aliamini hivyo mpaka mwisho, wasikilizaji. Inaniuma zaidi ya yote.

Jumamosi alizikwa. Nalirudia: Mbuke Maduhu alizikwa Jumamosi, kando ya mumewe, nyuma ya zizi. Majirani hawakuja. Kaburi lilichimbwa na wachimbaji wa Nyarugusu, wateja wa Vumilia, watu ambao Mbuke hakuwahi kuwapikia hata uji. Mmoja wao, Donatus, alisema, "Sisi tunashinda chini ya ardhi. Shimo la mama wa mwenzetu halitutishi." Sameer alibeba jeneza upande wa miguu, akilia kimya kimya.

Majirani walikuwa wapi? Kibandani kwa Charles. Alikuwa ameweka filamu ya Mbuke, eti kumuenzi marehemu. Kilijaa mpaka mlangoni. Eufrasia alikuwamo. Mzee Theonest alikuwamo. Na spika ya kile kibanda ina nguvu. Vumilia aliniambia hivi: "Tulipokuwa tunashusha jeneza, nikasikia kilio. Kilio cha majirani, sauti zao kabisa. Nikasema moyoni, Mungu wangu, wamekuja. Nikageuka. Hakuna mtu. Ilikuwa spika."

Kwa Vumilia na ukoo wote wa mzee Maduhu na mzee Mayala, poleni. Poleni sana. Mungu amlaze mama yenu anapostahili, na moshi usimfikie tena.

Na ninyi mnaosikiliza, jiulizeni huwa mnamlilia nani, na wapi. Ninyi wa kule Masumbwe najua mnanisikia, kwa sababu Charles huwa anafungulia kipindi hiki. Matanga yanaanuliwa kesho. Njia mnaijua, ni nyuma ya zizi la Mayala. Nendeni. Na mkifika msiulize chakula. Mpishi wenu ndiye aliyelala pale.