Baruti Isiyo na Jina

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Celestine zima hiyo redio, maana sauti yangu haiwezi tena kushindana na mtu. Daktari wa Homa Bay amenirudisha nyumbani Karungu na nyote mnajua maana yake, basi tusidanganyane. Mimi Jeremiah Maroa, niliyezaliwa Ntimaru nikazeekea kwa wakwe hapa ziwani, nasema haya nikiwa na akili zangu, na jirani yangu Okari aketi hapo mlangoni awe shahidi.

Mambo ya shamba ni mafupi. Upande wa mto ni wako, Levi. Upande wa barabara ni wa dada yako Celestine. Mnizike kando ya mama yenu Achieng, na ndugu zangu wa Ntimaru wakija kudai mwili wapeni chai, muwaambie nilisema mwenyewe. Ng'ombe mgawane bila kelele. Lakini bunduki yangu si ng'ombe, hairithiwi, na Levi anayo yake kwa leseni yake. Siku nikifa, kabla hamjachinja chochote, Okari awaite polisi waje waichukue pamoja na leseni yangu.

Kinachobaki ni chumba changu cha kujazia risasi, ninamotia baruti upya kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa, mashine ya mkono, mizani, na kabati lenye kufuli. Hayo ndiyo niliyowaitia.

Jana mlidhani nimelala. Levi, ulikuwa hapo dirishani na rafiki yako Ken, ameshika mkebe, naye akakwambia, "Bro, hii baruti ni ileile, ni mkebe tu wamebadilisha. Cheki hata rangi." Nawe ukacheka, ukasema, "Mzee akiiona atakufa kabla ya siku yake." Nimesikia, na sijafa.

Najua Jumamosi kuna mashindano ya shabaha, na najua umeyangoja mwaka mzima. Najua pia kwamba baruti tuliyoizoea haipo madukani, kwa sababu vita vya mbali vinaimeza yote kabla haijafika kwetu. Sikulaumu kwa kutafuta. Nataka tu ujue unachokishika.

Onsongo, aliyenifundisha kazi hii, alianza kwa kunionyesha moto. Aliweka punje chache kwenye sahani ya bati uwanjani, akaziwasha kwa kijiti kirefu, zikaungua taratibu kama nyasi kavu, bila kishindo. Nikamcheka, "Mwalimu, hii ndiyo mnayoiogopa?" Akafunga mkebe, akaniambia nimfuate. Tulikwenda uwanja wa shabaha, akapiga risasi aliyoijaza kwa baruti ya mkebe uleule, na chuma kilichotundikwa ng'ambo ya bonde kikalia kama kengele ya kanisa. Nilisimama pale nimeshika kofia. Moto uliokuwa mpole kwenye sahani, ukifungiwa ndani ya ganda la ukubwa wa kidole, hujisukuma wenyewe, na kila aina imetengenezwa iungue kwa mwendo wake, na mwendo huo hakuna jicho linaloweza kuuona. Nimeifanya kazi hii hadi uzeeni, na bado kila nikifungua mkebe mwili unanisisimka.

Sasa sikilizeni kilichompata Onsongo. Huku kwetu mkebe hautupwi. Wa mafuta huwekwa chumvi, wa rangi hupandwa maua, wa maziwa hupimiwa omena, dagaa wa ziwa letu. Kulikuwa na uhaba kama huu wa leo, naye alikuwa na mikebe miwili iliyokaribia kwisha, baruti zote mbili za kijivu, punje zimefanana. Akamimina mmoja ndani ya mwingine ili apate mkebe wa kupimia mbegu, na ule mtupu akausugua hata jina likatoka. Baadaye akasahau, akajaza risasi kwa kufuata jina lililoandikwa nje. Bunduki ilipasukia usoni mwake. Nilimkuta ameketi mavumbini, jicho moja limekwisha, na hakuniuliza habari za hospitali. Aliniuliza, "Maroa, ule mkebe wa pili ulikuwa wa nini?"

Ndiyo maana kwangu unakaa mkebe mmoja tu mezani, na mingine imefungiwa. Ndiyo maana mkebe ukiisha hutobolewa kwa msumari, usiweze kuwekwa kitu tena. Mama yenu alikuwa akilalamika, "Unatoboa mkebe mzuri hivi, mimi nipimie omena kwa kofia yako?" Akawaambia wanawake wa sokoni kwamba niliioa mizani kwanza, yeye ni mke wa pili.

Levi, ukitaka mbadala, usiutafute kwa rangi, wala kwa jina linalokaribiana na jingine. Mkebe uwe umefungwa kiwandani, na jina lake ulikute kwenye kitabu cha mtengenezaji, kwa bunduki yako na kwa uzito wa kichwa cha risasi yako. Ukilikosa humo, mbadala hakuna. Ukilikuta, sahau ulivyoizoea baruti ya zamani. Anzia kipimo cha chini, pale kitabu kinapoanzia, na upande kidogo kidogo. Kazi hiyo haiishi kabla ya Jumamosi. Nenda na risasi za dukani. Ukishindwa, shindwa ukiwa na macho mawili.

Mashine na mizani ni zako, Levi, ukishapata kibali cha chumba cha kujazia kwa jina lako. Ufunguo wa kabati ni wa Celestine. Mmoja asifanye kazi bila mwenzake kuwapo.

Nipeni maji.

Ule mkebe wa Ken. Usiulete humu, kuna jiko. Upeleke bustanini, kwenye sukuma wiki, uimwage baruti juu ya udongo, nyembamba, uitawanye, umwagilie maji. Iliyobaki kwa Onsongo tuliimwaga hivyo, na baada ya mvua sukuma zake zikatoa majani ya kufunika sahani. Kitu kilekile kilichomtoa jicho, wanangu. Nililishika jani lile nikaligeuza huku na huku.

Unalia nini, Levi? Wewe ni mwanangu. Nenda.

Celestine, fungua dirisha. Niinue kidogo. Namwona... Nyembamba, Levi. Usirundike. Hivyo hivyo.

Mungu awaache na macho yenu na vidole vyenu mpaka mzeeke. Awape subira... mbele ya kitu msichokijua jina. Mpendane. Okari, umesikia yote?

Mpelekee ndugu yako msumari, Celestine mama. Na nyundo. Mwambie apige nisikie.

Bado.

Hapo. Nimesikia.