Aliyedaka Mipira ya Roshanali

Jumamosi asubuhi benchi letu la Dixon Road, chini ya ghorofa, hujaa mpaka wengine wanakaa kwenye ngazi, na ndege zikipita kutua uwanja wa ndege wa Pearson tunaongea kwa kupiga kelele. Siku hiyo kelele zilikuwa na sababu. Kamati ya uwanja ilitaka jina moja tu kutoka timu yetu ya zamani ya besiboli, lichorwe kwenye ubao wa heshima, na mwisho wa kupeleka fomu ulikuwa saa sita mchana. Kalamu niliishika mimi. Josué, Mkongomani wetu tunayemwita Kimya, alikuwa anamimina kahawa kama kawaida yake.

— Andika Roshanali, bana! — alisema Roshanali, maarufu kama Bunduki. — Nimerusha misimu kumi na tisa. Wapigaji mia nne na kumi na mbili nimewarudisha kukaa, mpira hawajaugusa. Na mji huu nani ananijua? Hakuna!

— Acha kamba, — alidakia Elias, yaani Rungu. — Mimi nilipiga mpira ukaangukia uwanja wa ndege. Ndege ya Montreal ikachelewa saa nzima.

— Saa nzima?

— Rubani alishuka kuutafuta!

— Hiyo ndogo, — alisema Roshanali. — Mpira wangu, mnara wa ndege uliuona kwenye rada, ukaupa ruhusa ya kutua!

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nuria alikuwa amehamia ghorofa ya tisa wiki hiyo hiyo, na besiboli hajui. Alisubiri tutulie.

— Samahanini, kaka zangu. Hao mia nne waliokosa mpira, mpira ulikuwa unakwenda wapi?

— Unadakwa, — alisema Elias.

— Na nani?

Mimi nilicheza timu ile miaka minane, nikamtazama Roshanali, naye akatazama viatu vyake.

— Na mimi, — alisema Josué. — Mechi mia tatu na nne. Sikukosa hata moja.

— Mbona ulinyamaza, ndugu yangu? — nilimuuliza.

— Mulikuwa hamujamaliza kuongea.

Aliweka birika chini, akatuonyesha mkono wa kulia. Vidole viwili vilikuwa vimepinda kwa kugongwa na mipira, haviwezi kunyooka tena. Niliona aibu, nasema wazi. Mkono ule umenimiminia kahawa miaka na miaka.

Roshanali alisimama. Nilidhani anakasirika.

— Sikilizeni, — alisema. — Huyu alikuwa anachuchumaa nyuma ya mpigaji, ananionyesha kwa vidole nirushe upi. Mipira iliyowatoa wote mia nne na kumi na mbili alichagua yeye. Mimi nilikuwa mkono tu. Futa jina langu!

— Sikuliandika, — nilimwambia.

— Afadhali! Andika Josué!

Elias alipiga mluzi, watu wakachungulia kutoka madirishani.

— Josué! Josué! — tuliimba, na Nuria naye anapiga makofi kama shabiki wa zamani.

Niliinamia fomu, nikaandika Josué. Halafu nikakwama.

— Josué nani? — aliuliza Nuria.

Miaka yote ile, hakuna aliyejua.

Josué alicheka, mara ya kwanza nimsikie akicheka kwa sauti. Akaninyang'anya kalamu, akaishika kwa vile vidole vilivyopinda, akaandika taratibu, kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya mstari: KASHINDI.