Kompaila Yakataa Ndama wa Mutesi

Mwaka 2012, kwenye benchi la kahawa la Zubairi pale Rwekubo, Mutesi alikaribia kulia. Saa kumi jioni alitakiwa chuoni Mbarara kuonyesha programu yake ya kuhesabu mifugo. Ikigoma, nafasi yake ya masomo inakwenda kwa mwingine. Na iligoma. Aliandika kiolezo kimoja cha kazi, akakitolea toleo la ng'ombe na toleo la ndama, kila toleo likiitwa kwa jina la aina yake ya namba. Kompaila, ile inayogeuza maandishi kuwa kazi ya mashine, ikamjibu kwa kiburi: toleo hili tayari lipo.

Wataalamu wa benchi hawakusubiri kuombwa.

— Hiyo kompyuta iko na virusi, akasema Zubairi, aitwaye Dakitari kwa kuwa aliwahi kufungua redio. Weka kwa jua kidogo.

— Hapana! akafoka Gasore, mfugaji wa kutoka Kivu, aitwaye Mzee Hapana, na si kwa bahati mbaya. Ile mashini banaitengeneza Ulaya. Haiyaone ndama hata siku moya. Haiamini!

— Basi watu ya Kampala wanaivuta na mtandao.

— Hapana! Iko nasikia njaa. Umeme ya hapa ni kidogo.

— Bazee, Mutesi akasihi, ile aina ya namba niliipatia majina mbili, NambaNgombe na NambaNdama. Juu ya nini inaona moya?

Nyirabizimana, muuza maziwa, ndiyo kwanza alikuwa anatua jerikani lake.

— Mutoto wangu, akauliza, Gasore akinipatia ng'ombe yake Bihogo, na miye nikaiita jina ingine, ng'ombe zinakuwa mbili?

— Hapana! akasema Gasore, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa sahihi.

Mutesi akaruka. Kumbe! Kompaila kwanza huyavua majina ya kubandikwa, ikabaki namba ileile. Matoleo yake mawili yalikuwa toleo moja lililoandikwa mara mbili! Akayafuta majina yale, akaunda aina mbili za kweli, kila moja na namba yake ndani. Akabonyeza.

— Imekubali! Imekubali, bazee!

— Si nilisema? akapaza sauti Zubairi, ambaye hakusema.

Saa kumi na nusu mwalimu wa Mbarara alizisoma aina zile mbili, akavua miwani, akauliza nani kamfundisha jambo hilo.

— Mama moya wa maziwa, kule Rwekubo, akajibu Mutesi, na nafasi ikawa yake.