Mfuko wa Panza

Dele la Ame muuza kahawa, birika lake la shaba, lilikuwa juu ya makaa tangu laasiri, lakini barazani Mgogoni kahawa ilinyweka kwa hasira tu. Juzi Mzee Mjaka alimzika mjukuu wake, kitoto cha bintiye Saada kilichozaliwa kabla ya wakati na kufa kwa baridi juu ya bodaboda, njiani kwenda hospitali. Tangu hapo hawazungumzi ila mfuko. Mfuko wenyewe uko Kisiwa Panza, humtia joto mtoto mchanga bila umeme. Waliubuni wanafunzi wa shahada ya pili, wanaofundishwa chuoni kutengeneza vifaa vya hospitali.

— Kwa nini Panza, yakhe, si hapa? alianza Jabir, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimwi.

— Wamelishwa pweza wale, alijibu Amur Wakili, ambaye mahakamani hajafika hata kama shahidi.

— Pweza gani! Mwalimu wao kaoa kule. Mie nimesikia.

— Ala! Basi huo mfuko ni mahari!

— Na masomo gani yale? Mwalimu anawatuma watu wazima wakaulize wanakijiji wana shida gani, ndiyo watengeneze kitu. Kama hajui shida, anafundisha nini?

— Wapelelezi hao. Wanatafuta pasipo na watoto, waje wachukue ardhi.

Mjaka hakucheka.

— Wametubagua, alisema. Wetu si watoto.

Ndipo akafika mkwewe Hudhaifa, baba wa marehemu, mtu wa Ole aliyehamia Mgogoni mwaka huu. Alitoa salamu, wakamsogezea nafasi.

— Baba, wanafunzi hao hapa hawakufika?

— Walifika mwaka juzi, alidakia Ame. Walikaa papo hapo ulipokaa.

— Waliuliza?

— Waliuliza sana.

— Mkawajibu nini?

Redio alizimika. Wakili aligeuka kutazama barabara. Mjaka aliwaona tena wale vijana na kalamu zao, na yeye mwenyewe ndani ya kanzu ya Ijumaa, akiwajibia wote, maana aliona haya kuanika shida za mji mbele ya wageni: Alhamdulillahi, wanangu, hapa hatuna upungufu. Karibuni kahawa.

— Ame, alisema. Mtilie mkwe wangu kahawa.

— Dele tupu, Mzee.