Ella Gahungu na Swali la Kumi na Tatu

Baba Paroko, Mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu leo Alhamisi, tarehe 8 Februari 2018, familia inawasomea maisha ya binti yao Ella Gahungu, na inawaomba radhi mapema wale watakaosikia wasilolipenda, kwa sababu marehemu hakuwa mtu wa kupamba maneno, na si haki kuanza kumpambia leo ambapo hawezi kutukatiza.

Ella alizaliwa tarehe 9 Agosti 1983, hapa Ujiji, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Gahungu, aliyevuka ziwa kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa kijana, na Mama Frida, Mha wa Mwandiga, ambaye mnamwona hapa mbele. Alikua na Kirundi cha baba, Kiha cha mama na Kiswahili cha sokoni, na aligombana na watu kwa lugha zote tatu bila upendeleo.

Alisoma shule ya msingi Ujiji kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, akaendelea na sekondari hapa mjini hadi 2001, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, akahitimu stashahada mwaka 2005, akarudi nyumbani wakati wenzake wote wakimwambia Kigoma hakuna kazi ya kompyuta, naye akawajibu kwamba huko Dar kazi ipo ila nafasi ya kupumua haipo.

Tarehe 17 Oktoba 2009 alifunga ndoa takatifu na Feliksi, fundi cherehani wa soko la Mwanga, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nikodemu na Leonia. Ndoa yao ilikuwa na kelele, lakini Feliksi mwenyewe anasema nyumba imekuwa kimya tangu Jumanne, na kimya hicho hakipendi.

Mwezi Mei 2015, watu walipokuwa wakiingia kutoka Burundi kwa maelfu, wakishushwa ufukweni na magodoro na watoto mgongoni, Ella aliajiriwa na shirika moja la misaada lenye ofisi mjini, kutengeneza kurasa za tableti ambazo wapokeaji walizitumia kuwahoji wageni. Kila kituo cha mwambao kilikuwa na ukurasa wake, ulioandikwa peke yake kuanzia juu hadi chini, hivyo wauguzi wakibadilisha swali moja ilibidi lirekebishwe kituo kwa kituo, na daima kulikuwa na kituo kilichosahauliwa. Ella alifuta zile kurasa zote. Aliyakusanya maswali katika orodha moja inayokaa mahali pamoja, ambayo mafundi wa kompyuta huiita arei, akaandika kiolezo kimoja chenye lupu, yaani amri fupi inayoipitia orodha swali baada ya swali, na kwa kila swali inachora mstari wake na kisanduku cha kutia tiki, mpaka orodha iishe. Ukiongeza swali kwenye orodha asubuhi, mchana linaulizwa mwambao mzima. Mama Frida alipomuuliza kama hiyo ndiyo kazi iliyomfanya asiwe anakuja Jumapili, alisema ndiyo, na kwamba ni nzuri kuliko pilau.

Maswali yalikuwa kumi na mawili. Mwezi Juni, kina mama waliokuwa wakijitolea ufukweni walimwomba aongeze moja: je, una mtoto aliyepanda boti nyingine? Familia nyingi zilikuwa zinatenganishwa wakati wa kupakia, na mtoto mdogo akishuka na watu wasio wake, huandikwa kwao. Ella aliliongeza siku hiyo hiyo, likawa la kumi na tatu.

Wiki iliyofuata wakubwa wa shirika walikuwa wanakuja kutembelea, na Bwana Pastory, mkuu wa kitengo, alitaka fomu hiyo ya tableti, ikichapishwa, ikae kwenye karatasi moja ipendeze. Swali la kumi na tatu lilidondokea ukurasa wa pili. Akamwagiza Martini, aliyekuwa akifanya kazi na Ella, aiambie lupu isimame ikifika kumi na mbili, na Martini akafanya hivyo, na hakuna aliyemwambia Ella. Wakubwa walikuja, wakasifia, wakaondoka, kumi na mbili ikabaki. Swali lenyewe halikufutwa, lilikaa kwenye orodha salama salimini, Ella kila akiifungua analiona, anaridhika kwamba linaulizwa, kumbe ufukweni halikuwa likitokea popote.

Mwezi Agosti mama mmoja, Bukeyeneza, alimsimamisha nje ya ofisi. Alikuwa amevuka na watoto watatu, wa nne, binti wa miaka sita, akawa kwenye boti ya nyuma. "Waliniuliza kama naharisha, kama nina ndoo, kama nina ndugu Tanzania," alimwambia. "Umwana wanje, mwanangu, hakuna aliyeniuliza." Ella alimjibu kwamba haiwezekani, akarudi ndani kumhakikishia, akafungua kiolezo, akaiona ile kumi na mbili.

Aliirekebisha papo hapo, kisha akaitisha kikao mwenyewe, bila kuomba ruhusa. Bwana Pastory alifungua kwa kusema, "Kwa masikitiko, mfumo wa dada Ella umetuangusha." Ella akasimama. "Bwana Pastory, mzee wa kanisa akipitisha kapu la sadaka hahesabu mabenchi kumi na mawili akaenda zake kula, anakwenda mpaka benchi la mwisho. Lupu yangu ilikuwa inakwenda mpaka mwisho. Hiyo kumi na mbili ni ya nani?" Bwana Pastory akasema, "Tusitafutane, dada yangu, hapa sisi ni timu." Martini akatazama viatu vyake. Chumba kizima kilijua, na kikao kikafungwa.

Mtoto alipatikana mwezi Novemba katika kambi ya wakimbizi mbali na ziwa, akimwita mwanamke mwingine mama, na siku ya kukabidhiwa alilia akimlilia huyo mwingine. Mwezi huo huo Ella aliachishwa kazi kwa uzembe.

Tangu hapo, kila shirika alilogonga mlango mjini, neno uzembe lilikuwa limeshatangulia kuketi. Alifungua kibanda cha kuchapa na kufundisha kompyuta Mwandiga, akawalea vijana wengi, lakini hakusamehe, na familia haitasema alisamehe. Mwaka 2017 aligundulika na maradhi ya figo, bima ya kazini ikiwa imeshakatwa siku nyingi, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2018, aliaga dunia, Feliksi akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Ujiji walioleta maji na kuni bila kuombwa, wanafunzi wake wa Mwandiga waliochimba kaburi, na Bukeyeneza, ambaye tangu juzi yuko jikoni nyuma ya nyumba akipika na kina mama.

Ama kuhusu wafanyakazi wenzake, ofisi imeleta shada la maua na imeomba dakika tano za salamu, ambazo zitatolewa na Bwana Pastory. Familia imekubali. Ila Feliksi ameweka sharti: kabla ya kutuambia kwamba marehemu alikuwa mchapakazi, atuambie mbele ya Nikodemu na Leonia ni nani aliyeagiza kumi na mbili. Akikwama, Martini amekaa viti vya nyuma, anaweza kumsaidia. Wakikwama wote wawili, kipaza sauti kirudi kwa Baba Paroko, tukazike.

Ella, pumzika kwa amani, hasira utuachie sisi.